Mwanangu aliwekwa kundi la Kobe kwa kosa la kumjua kuhe

Wakuu, habari za majukumu. Wakubwa shikamooni, wadogo marahaba hata kama hamjaniamkia.

Ninayosimulia nimeyaona kwa macho yangu mawili, sijaongeza chumvi. Chumvi nawaachia wanaokausha migebuka huku ziwani.

Mimi ni mama, niko Ujiji, nina duka dogo la dawa. Binti yangu Ashura yuko darasa la kwanza, shule ya serikali hapa mtaani. Jina la shule naliweka kapuni, sitaki kesi.

Muhula huu tukatangaziwa kwenye group la wazazi kwamba shule imepata mradi wa "kujifunza kwa furaha". Tafsiri yake ni kwamba wazazi tulete manila, gundi, vifuniko vya soda na maputo.

Maputo ya kusomea, wakuu. Sisi tulisoma kwa fimbo na vumbi, na bado tunasoma nyuzi zenu ndefu humu.

Sikatai michezo. Mtoto wa miaka saba ukimkalisha kwenye dawati asubuhi mpaka mchana unamtesa bure. Ila na mchezo nao uwe na akili kidogo.

Basi akaja mwezeshaji kutoka Dar. Mdada wa watu, fulana ya mradi, spika ya kubeba begani, kadi za picha zimepigwa laminesheni zinang'aa. Akawagawa watoto makundi matatu. Duma ni wanaojua kusoma. Sungura ni wa kati. Kobe ni wale wa "Mungu atasaidia".

Majina yakatumwa kwenye group, Ashura kawekwa Kobe.

Nilipoiona hiyo meseji nikacheka. Huyu mtoto ananisomea chupa za dawa za kikohozi dukani. "Ti-ki-sa ka-bla ya ku-tu-mi-a." Anasoma mpaka tarehe ya kuisha muda, siku moja alinisomea mbele ya mteja nikatamani ardhi ipasuke.

Nikamwandikia mwalimu wa darasa. Akanijibu, "Mama Ashura, naenda na matokeo ya zoezi."

Kicheko kiliisha mwalimu mkuu alipotangaza kwamba watakaobaki Kobe mpaka shule inafungwa watarudia darasa la kwanza. Hapo damu ikachemka. Mwaka mzima wa mwanangu upotee kwa sababu ya kadi zinazong'aa?

Ikatangazwa siku ya wazazi kuja kuona watoto "wanavyofurahia kusoma". Nikafunga duka, nikaenda. Nilivaa vizuri kabisa, ukienda kugombana usiende umechakaa.

Tukakuta maputo yamefungwa mpaka kwenye nondo za madirisha. Watoto wanaimba, wanaruka, wanapigiana makofi ya kilo moja, makofi ya kilo mbili. Wazazi simu juu, wanarekodi. Mwalimu mkuu anatabasamu kama bwana harusi.

Mchezo wenyewe ulikuwa hivi. Nje, chini, wamechora miduara kwa chokaa, kila mduara una herufi. Mwezeshaji anainua kadi yenye picha. Mtoto anakimbia kusimama kwenye herufi inayoanza jina la ile picha. Nyuma ya kadi kuna neno lenyewe, lakini hilo watoto hawaonyeshwi. Picha tu.

Shikeni hapo, wakuu. Mchezo wa kusoma, na hakuna mtu anayesoma.

Wakaanza Duma. Kuna kijana anaitwa Brayan, baba yake ni afisa amehamia juzi juzi kutoka Dodoma. Picha ya kikombe, Brayan yuko kwenye K. Picha ya samaki, Brayan yuko kwenye S. Makofi ya kilo tano. Mama yake karibu apae na maputo.

Wakaja Kobe. Ikainuliwa kadi ile ile ya samaki.

Mwanangu akachomoka mbio, akasimama kwenye K. Amesimama kwa kujiamini, mikono kiunoni, kama bibi yake.

Mtoto mwingine, hawa waliohamia kutoka Kagunga, akakimbilia N. Wakaanza kubishana pale pale.

"Kuhe huyo!"

"Kuhe gani ana mdomo hivyo? Ngege huyo!"

Wazazi wakacheka. Mwezeshaji akashusha pumzi, akainama mbele ya Ashura na ile sauti ya kuongea na mgonjwa.

"Mpenzi, angalia vizuri picha. Huyu ni nani?"

"Kuhe."

"Hapana. Huyu ni samaki."

Ashura akamwangalia, akaiangalia kadi, akamwangalia tena. "Samaki gani?"

Nisikilizeni nyie wa Morogoro na Dodoma. Huku mtoto hajui kitu kinaitwa samaki tu. Kwa bibi yake, anapouza pale Katonga, ukisema "naomba samaki" utaulizwa kama umeshuka kwenye treni leo. Kuna mgebuka, kuna kuhe, kuna ngege, kuna dagaa, na kila mmoja ana bei yake na mchuzi wake.

Ikaja picha ya mboga. Ashura akaenda L. Lengalenga, nyie mnaita mchicha. Na kweli lilikuwa lengalenga, majani yale nayajua hata nikiwa usingizini!

Mwezeshaji akatugeukia sisi wazazi akasema, "Mnaona, hawa ni watoto wenye changamoto ya utambuzi."

Utambuzi! Mtoto katambua samaki mpaka ukoo, dada hajatambua hata kimoja, halafu mwenye changamoto ni mwanangu.

Nikasimama. Mwalimu mkuu akaniwahi. "Mama Ashura, tusiharibu zoezi."

"Siharibu, mwalimu. Naomba hiyo kadi ya samaki igeuzwe. Mwanangu asome neno."

"Mama, huo sio utaratibu wa mchezo," mwezeshaji akasema.

"Shule ni ya kusoma au ya kubahatisha picha?"

Wazazi wakaanza minong'ono. Mwezeshaji kuona macho yamemzidi, akaigeuza kadi huku amebinua midomo.

Ashura hata hakuhangaika. "Sa-ma-ki. Samaki." Halafu akainua kidole. "Madam, nyuma wameandika samaki, lakini wamechora kuhe."

Yule wa Kagunga akadakia, "Ngege!"

Wakuu, nilijisikia raha ambayo sijawahi kuipata hata siku nilipofungua duka.

Mngedhani yameisha. Mwezeshaji badala ya kunyamaza akataka kuokoa jahazi. Akamwita bingwa wake. "Brayan, hebu waonyeshe wenzako." Akamwonyesha kadi upande wa neno. Ilikuwa ile ya kikombe.

Brayan akaitazama. Akamtazama mama yake. Akanyoosha mkono taratibu kuigeuza.

"Madam, geuza nione."

Akaitwa Duma wa pili. "Geuza." Wa tatu akajaribu bahati yake, akasema "samaki".

Hapo hakuna aliyecheka. Mimi mwenyewe kicheko kilinikauka, maana mtoto hana kosa. Alifundishwa kuotea picha, akaotea vizuri, akapewa makofi muhula mzima. Mama Brayan alikuwa ameshashusha simu, anaangalia chini. Nilimhurumia kwa kweli, na mimi huruma zangu haziko karibu.

Mwalimu wa darasa nikamvuta pembeni. "Mwalimu, ulijua Ashura anasoma?"

Akasema kwa sauti ndogo, "Nilijua, mama. Na wengine wa Kobe wanasoma. Lakini mgeni wa mradi nitambishia vipi?"

Nikarudi zangu kwa wazazi wenzangu. Ningemjibu ningefungiwa hata kuingia getini.

Unajua mwalimu mkuu alifungaje shughuli? "Wapigieni watoto wote makofi ya kilo kumi." Kisha soda.

Jioni nikamsimulia mama yangu, yule wa Katonga. Akaacha kupepeta dagaa, akaniangalia. "Yebaba we! Sasa wakimwonyesha ng'ombe wanataka aseme nyama?"

Funzo nililopata: mchezo darasani ni mzuri, lakini anayeuleta aulize kwanza watoto wanaishi wapi na wanaita vitu majina gani. Na wewe mzazi, ukiambiwa mwanao mzito, mpe kitu chenye maandishi akusomee wewe mwenyewe. Usikubali kwa sababu aliyesema ana fulana ya mradi.

Sasa nilipokwama ni hapa.

Jumatatu mwalimu mkuu akamhamishia Ashura kwa Duma, ili asirudie darasa. Makundi yenyewe hajayafuta, na tangazo lake la Kobe kurudia liko pale pale. Nikamwambia awapime Kobe wote kwa maneno, wala sio picha. Amesema "atalifanyia kazi", na nyote mnajua maana ya hilo neno.

Ashura kagoma. Amekaa na Kobe wenzake, hainuki. Leo nimepigiwa simu niende shule kesho asubuhi nikamshawishi. Nimemuuliza usiku huu kwa nini hataki kuhamia kwa Duma.

Kanijibu, "Mama, kule hawajui kusoma."

Walimu na wazazi mliomo humu, nishaurini. Kesho nikifika pale nimwambie nini huyu mtoto? Maana mimi sina hoja.