Gitaa langu na sauti ya Mzee Nazir

London nzima hakuna anayenishinda kupiga gitaa. Mwenye wivu aandike hapo chini, nimjibu.

Leo nimempigia gitaa Mzee Nazir, jirani yetu hapa Edmonton.

Nyie mnamjua kwa kofia ya kauboi na zile nyimbo zake za kantri. Wahindi wenzake waliotoka Kenya wanamkumbuka Nairobi, nyota wa miaka kumi na saba, wasichana wakimrarua shati jukwaani!

Halafu familia zikahamia huku, na huku hakuna aliyemjua. Akavaa kofia, akaanza upya kwenye baa. Ule wimbo uliompa jina kule Nairobi hakuugusa tena.

Mpaka leo.

Kesho anafanyiwa upasuaji wa koo, na sauti huenda isirudi. Mkewe, Bi Shirin, naye alikuwa mmoja wa wale wararua shati (anakataa, muongo!). Akamwomba amwimbie mara moja tu, mimi nirekodi kwa simu.

"Wewe Saidi, piga polepole," mzee akaniambia. "Leo si siku yako."

"Niachie mimi, mzee."

Akavua kofia, akaimba. Bi Shirin akalia. Mimi nikapandwa na mori, nikalicharaza gitaa kwa nguvu zote.

Alipomaliza, mzee akabaki ananong'ona tu, sauti imekwisha.

"Nitumie, mwanangu," Bi Shirin akasema. "Nitaisikiliza kesho nikimsubiri."

Sijamtumia.

Nimeisikiliza mara sita. Simu niliiweka juu ya spika ya gitaa langu. Gitaa linasikika vizuri sana.

Mzee hasikiki.