Moto wa Stambuli Wagoma Kuunga Chuma

Saa mbili asubuhi, jua ndiyo kwanza linavuka migongo ya Uluguru, na Stambuli wa Bigwa tayari anatiririka jasho. Anakitoa kipande cha chuma motoni kwa koleo, anakipachika juu ya mwenzake kwenye fuawe na kukigonga nyundo tatu za haraka. Kinaachia. Vipande viwili vinaanguka chini, kila kimoja kivyake.

"Mara ya tano hii," anasema, na kuiweka nyundo chini taratibu mno kwa mtu mwenye hasira.

Jembe ni la Severini, mkulima aliyeteremka jana kutoka milimani. Limekatika msuka, ule mkia unaoingia kwenye mpini. Kwa desturi ya kiwanda hiki mwenye jembe ndiye anayevukuta, kwa hiyo Severini amekaa nyuma ya mivukuto miwili ya ngozi ya mbuzi, anapandisha huu na kushusha ule, mikono imemwishia nguvu.

"Fundi, nakuheshimu," anasema. "Lakini mvua hizi hapa. Leo lisiposhika, napita mjini ninunue la Ulaya. Na jirani zangu saba wanangoja waone nitarudi na lipi."

Hapo ndipo penye kidonda. Tangu reli ya Wajerumani ifike Morogoro miaka mitatu iliyopita, majembe ya Ulaya yamejaa madukani. Zamani Stambuli alifua majembe sita kwa wiki. Sasa akiagizwa mawili anashukuru. Kilichombakiza kazini ni kuunga vilivyovunjika, kazi ambayo duka haliiwezi. Akishindwa na hiyo, basi tena.

Kuunga kunataka moto mkali. Chuma chekundu hukubali kupindwa tu. Sharti kiwe cheupe, kianze kurusha cheche ndogo, kinyunyiziwe mchanga wa mtoni, ndipo kishikane na kingine. Kikizidi hapo kinaungua. Cha Stambuli, kwa siku mbili sasa, kinaishia umanjano na kugoma.

Ameshalaumu kila kitu. Kwanza makaa, akayaanika upya. Kisha ngozi za mivukuto, akazipaka mafuta na kuziba tundu moja lisilo na kosa lolote. Mwisho, kwa sauti ya chini, akamgeukia marehemu mjomba wake, aliyemrithisha kazi. Katika ukoo wao mhunzi akifiwa na mjomba huzima moto mpaka arobaini, naye aliuwasha siku ya thelathini na tisa.

"Nilikosea kuhesabu," anaungama. "Mzee amekasirika."

Mkewe, Mwaisha, yuko nje anapukuchua mahindi. Mwanamke haingii kiwandani moto ukiwaka. Miaka kumi na minane ameisikiliza kazi hii kutoka upande wa pili wa ukuta.

"Baba Asha," anaita, "muache mjomba apumzike. Huo mvukuto wa kulia mbona unapumua kama mtu mwenye mafua?"

"Mafua gani? Ngozi nimeziba!"

"Sisemi ngozi. Nasema pua."

Severini anacheka. Stambuli hacheki. Anachomoa bomba la udongo linalopeleka upepo motoni, analiinua juani na kuchungulia. Giza tupu. Anachokoa kwa kijiti, na madongo ya nyigu yanamwagika miguuni pake, magumu kama tofali. Siku zote zile kiwanda kilipokuwa kimya, nyigu walikuwa wakijenga.

Wanavukuta upya. Safari hii makaa yananguruma. Chuma kinapita wekundu, kinapita umanjano, kinakuwa cheupe. Mchanga, fuawe, nyundo. Kikishapoa, Severini analishika jembe na kulibamiza kwenye jiwe mara tatu kwa nguvu zake zote. Linalia, halikatiki.

"Wale saba nitawaleta mwenyewe," anasema.

Stambuli anafurahi waziwazi, anapiga makofi peke yake kama aliyeshinda ngoma. Akiulizwa na mwandishi wa habari hii ana mpango gani sasa, hafikiri mara mbili.

"Mama Asha aingie ndani, akae karibu na mivukuto."

Na wazee wa ukoo watasemaje?

"Watasema sana. Nami nitawaambia wavukute wao, tuone kama chuma kitaungana."

Kutoka nje, sauti ya mahindi inakatika.

"Mimi umeniuliza?" anasema Mwaisha. "Niingie humo nichomwe na cheche? Toboa dirisha hapa, nikae na upepo wangu."

Stambuli anausogelea ukuta. Kisha anaokota nyundo na kuanza kupima, kwa mpini wake, mahali litakapokaa dirisha.