Spesa Zangu na Kwaya ya Akina Mama

Nilijiuliza wiki nzima kama nifunge spesa, vile vyuma vinavyokaa nyuma ya rimu na kuzisukuma tairi nje. Gari langu la milango miwili lilikuwa zuri, ila ukilitazama kwa nyuma lilionekana jembamba, kama lina njaa. Fundi wa Tunduma alinionya kwamba tairi zitatokeza nje ya madigadi na kurusha tope.

"Kwenu kuna lami?" akauliza.

Nikajibu ipo. Sikusema kwamba ukikata kona pale Mlowo kuja kwetu, inakwisha. Akazifunga.

Jumamosi nikaombwa kumpeleka bibi harusi kanisani. Mvua ilikuwa imenyesha alfajiri. Kwaya ya akina mama ilijipanga kando ya barabara kutupokea, wote wamevaa magauni meupe. Mbele alisimama Mama Tumaini, mama wa binti ninayetaka kumuoa. Washenga wangu walipanga kwenda kwake Jumatatu, kwa hiyo nilikanyaga mafuta kidogo ili alione gari.

Niliposikia kelele, nilidhani ni vigelegele. Walipopunga mikono, nilidhani wanaomba nirudie. Nikamshusha bibi harusi, nikageuza, nikawapitia tena kwa mwendo uleule, huku nikipiga honi.

Niliposhuka kupokea pongezi, kwaya nzima ilikuwa nyekundu. Mama Tumaini alijifuta tope mdomoni kwanza, kisha akasema bila kupaza sauti:

"Mwanangu, wale washenga wako, waambie waje kwa miguu."