Vikombe Vimetimia

Wanaonijua watakuambia mimi ni mtu wa mizaha, na ni kweli, mizaha naipenda. Hili si mzaha. Sikuhadithiwa na mtu wala sikuliokota kijiweni. Nilikuwepo mwenyewe, birika la chai mkononi. Silewi, sikuwa na homa, na wala haukuwa usiku. Ilikuwa alasiri, jua linawaka. Watu hudhani mambo haya husubiri giza. Nani aliyeyaambia yasubiri?

Zilikuwa enzi za ruksa. Kilwa tuliletewa kila kitu wakati ule: nguo za mitumba, redio za rangirangi, na wazungu waliosafiri kutoka kwao kuja kutazama samaki. Si kuwavua, kuwatazama. Nilipomweleza mama kule Njinjo, alicheka mpaka akakaa chini. "Wanawatazama tu? Halafu usiku wanakula nini?" Nikamwambia wanakula ninachopika mimi, maana mimi ndiye nilikuwa mpishi wao.

Tajiri mmoja wa Dar es Salaam alikuwa amenunua boti kubwa ya mbao, akaitia injini, vitanda vya wageni chini, choo, na jiko dogo nyuma. Wageni walilala humohumo safari nzima, nasi tukizunguka nao kwenye miamba ya matumbawe, kutoka Songosongo kushuka kusini kuelekea Lindi. Walikuwa wakivaa mavazi ya mpira, miwani ya kuzamia, mapezi miguuni na mitungi ya hewa mgongoni, wanajitupa majini, wanakaa huko chini kama watu waliokwenda sokoni. Mimi mtu wa bara, kuogelea sijui hata leo, kila walipozama nilikuwa nakaa natazama mapovu yao na kusoma kila aya niliyowahi kufundishwa chuoni.

Watu wa kazi tulikuwa watatu tu. Mimi jikoni, Nahodha Mshamu kwenye usukani, na Bakari aliyewaongoza wageni chini ya maji. Bakari alikuwa mtoto wa Kivinje, amekulia baharini. Kabla ya mambo ya mitungi alikuwa akizamia majongoo bahari kwa pumzi zake mwenyewe. Tena alikuwa shemeji yangu, amemuoa dada yangu Somoe. Kijana hodari, lakini hasira zake zilikuwa karibu sana. Mchuzi ukizidi chumvi, sahani inaruka. Neno "pole" sikuwahi kulisikia kinywani mwake, wala "samahani."

Safari ile Somoe alikuwa na mimba ya kwanza. Alitusindikiza mpaka ufukweni Masoko, akanivuta pembeni. "Kaka, huyo ni baba wa mwanangu. Nakukabidhi. Naogopa sana mambo haya ya kukaa chini ya maji." Nikamwambia asiwe na wasiwasi, nitamrudisha. Nilisema hivyo kwa wepesi tu, kama unavyomwambia mtu utamletea embe.

Sasa nikueleze desturi moja, maana bila hiyo hutaelewa yaliyotupata. Nahodha Mshamu hakuruhusu watu kuhesabiwa. Kwao, baharini watu hawahesabiwi. Ukihesabu vichwa, unaiambia bahari walipo na wangapi. Wazungu wao walitaka kuhesabiana kila mara, yeye akakataa katakata. Ndipo tukapata njia ya kwetu. Kabla watu hawajazama, mimi napanga kwenye sinia kikombe cha kila anayeshuka. Akipanda, namkabidhi kikombe chake cha chai ya tangawizi. Sinia likibaki tupu, watu wote wamepanda. Nahodha anauliza kutoka kwenye usukani, "Vikombe?" Nami najibu, "Vimetimia." Hapo ndipo nanga inang'olewa. Njia nzuri, siyo? Hata wageni waliipenda, na haikuwahi kutuangusha kabla ya siku ile.

Siku ile wageni waliomba kuzamia kwenye mwamba mmoja wa mbali ambao haukuwa na jina. Hebu fikiri, kwetu Njinjo hata vichuguu vina majina, lakini mwamba mzima wa bahari ya Kilwa watu wameupita vizazi na vizazi bila kuuita chochote. Nahodha hakupenda. Alisema tu, "Tusikawie," akatia nanga.

Wakazama. Nikapanga vikombe, nikawasha jiko. Baada ya muda wageni wakaanza kupanda kwa ngazi ya nyuma, kila mmoja akivua mapezi kwanza na kunipa mkononi, kwa sababu mapezi hayapandi ngazi. Wakapewa chai zao. Wa mwisho wao alikuwa mama mmoja mtu mzima, muuguzi mstaafu, aliyejua Kiswahili kidogo. Akanieleza kwamba nanga imenasa kwenye matumbawe na Bakari amerudi chini kuinasua. Kisha wakashuka vyumbani kubadili nguo. Kwenye sinia kikabaki kikombe kimoja.

Nikasikia ngazi inalia. Bakari akapanda, akiwa na mapezi yake miguuni. Alipanda nayo vilevile, pwata, pwata, akapita mbele yangu, miwani usoni, akaenda kukaa kwenye benchi la nyuma kabisa akinipa mgongo. Wazee husema ukimtilia mtu shaka, mtazame miguu. Sasa mtu aliyevaa mapezi ya mpira utamtazama miguu gani?

"Pole na kazi, shemeji," nikasema. Kimya. Nikajua hasira zake zimeanza, pengine nanga imemsumbua. Nikampelekea kikombe. Akakipokea kwa mkono wa kushoto bila kugeuka. Niamini, hilo lilinichoma. Bakari na ukali wake wote alikuwa mtoto wa madrasa, hapokei kitu kwa kushoto. Chai yenyewe ilikuwa ndiyo kwanza imeshuka motoni. Aliinywa yote kwa mkupuo mmoja kama maji ya mtungini. Lakini nifanyeje? Mtu ni shemeji yako, umbo lake, mabega yake, kovu lake la mkononi unalijua. Nikajiambia amechoka.

"Vikombe?" Nahodha akauliza.

Nikatazama sinia. Tupu. "Vimetimia!"

Nikaenda mbele kumsaidia kuvuta nanga. Ikaja nyepesi, kama haikuwahi kunasa. Injini ikawashwa, tukaondoka.

Mwamba ulikuwa umeshabaki nyuma sana nilipokwenda kukusanya vyombo. Mabenchi yote walipokaa wageni yalikuwa yanachuruzika maji. Kwenye benchi la nyuma kikombe kimeinamishwa kifudifudi, na pale alipokaa yule mtu pakavu. Pakavu kabisa. Nikapapasa kwa kiganja, ubao ulikuwa wa moto wa jua. Mtu aliyetoka baharini sasa hivi anakaaje mahali pasilowe?

Nikashuka chini nikiita. Kitandani kwake hayupo. Nikagonga choo, "Shemeji!" Akafungua yule mama muuguzi. "Bakari? Si yuko juu na wewe?" Nilimwona Somoe mbele ya macho yangu, amesimama pale ufukweni na tumbo lake.

Nikapanda mbio. "Nahodha, geuza! Shemeji tumemwacha majini!"

"Umeniambia vimetimia!"

"Vimetimia, lakini aliyepokea cha mwisho si Bakari!"

Sijui alichokiona usoni kwangu. Hakuuliza tena. Alizungusha usukani kwa nguvu mpaka sufuria zikaanguka jikoni, akawa anasoma dua. Mimi nilisimama mbele, nikaita jina la Bakari mpaka sauti ikakauka. Nililia, na sioni haya kukuambia. Hewa ya mtungini ina mwisho wake, mkondo ulikuwa mkali unakimbilia kaskazini, na jua lilikuwa linashuka. Tulipofika kwenye mwamba hapakuwa na povu hata moja. Tukafuata mkondo kuelekea kaskazini, tukitafuta kichwa cha mtu juu ya maji. Hakuna.

Yule mama ndiye aliyemwona kwa darubini, na si kaskazini. Alikuwa kusini, upande ambao mkondo unatoka. Maji yalikuwa yanakupwa, fungu dogo la mchanga limejitokeza, na Bakari amesimama katikati yake na vifaa vyake vyote, mikono chini, anatutazama. Hapungi mkono, haiti. Nahodha akasema polepole, "Mkondo unakwenda kule. Huyu amefikaje huku?" Wote tulikuwa tunapiga kelele za furaha.

Tukamvuta ndani. Nikampa maji, na macho yangu yote yalikuwa kwenye mikono yake. Akapokea kwa kulia. Akasema bismillahi. Nilimshukuru Mungu kwa sauti. Ndipo akanikumbatia, Bakari huyo, akaniambia, "Pole, shemeji. Nimekusumbua."

Nikamuuliza, "Hukupanda boti wewe? Hukukaa pale nyuma?"

"Boti gani? Nilikuwa nawasubiri tu," akasema. "Nimesubiri muda mrefu sana." Akatabasamu.

Yule mama alikuwa ameuchukua mtungi wa Bakari. Akaitazama saa inayoonyesha hewa iliyobaki, akaigonga kwa kidole, akaitazama tena, kisha akanionyesha. Mshale ulikuwa pale unapokuwa asubuhi, kabla mtungi haujatumika. Mtu aliongoza wageni chini, akarudi kunasua nanga, na mtungi umejaa. Nahodha aliuona pia. Alinishika bega akaniambia, "Tumemuokota mtu wetu. Mengine usiyasemee." Tuliporudi Masoko aliacha kazi ya boti, wala hakumuaga mtu.

Nami nilimrudisha Bakari kwa dada yangu. Somoe alilia kwa furaha, mama akachinja jogoo. Baharini Bakari hakurudi tena. Mtoto wa Kivinje akahamia Njinjo kulima ufuta na korosho. Watu walisema ameogopa, nami nikasema hivyohivyo, maana ndilo lililokuwa jibu jepesi.

Mtoto alipoanza kutambaa, Somoe alinifuata peke yake. Alikaa jikoni kwangu, akauliza, "Kaka, ulinirudishia nani?"

Nilijaribu kucheka. Akanikatisha. Akasema mumewe anajua kila kitu, jina la kila mtu, hadi maneno waliyoambiana siku ya nikaha. Lakini halali. Anafumba macho, anapumua, lakini kila Somoe anapoamka anamkuta anasikiliza, kama mtu anayengoja kuitwa kutoka mbali. Basi nikamweleza yote, benchi kavu, mtungi uliojaa, yote. Nilitegemea apige ukelele. Nilikuwa tayari kumtafuta sheikh siku ileile.

Dada yangu akasema, "Bakari alikuwa ananipiga. Hukujua?"

Sikujua. Wallahi sikujua. Nilijua sahani zinaruka, sikujua nyingine ziliangukia wapi.

"Huyu hajaninyanyulia mkono hata siku moja," akasema. "Nikiugua anachota maji, anapika. Mwanangu akilia anambeba mgongoni. Kwa hiyo sikiliza, kaka. Awe nani awaye, usimwite sheikh, usimpeleke popote, usimwambie mtu." Akajifunga kanga yake, akarudi kwa mumewe.

Nimeshika neno lake miaka yote hii, na leo nimebadilisha majina. Wamezaa watoto wengine, wana adabu nzuri na wananipenda mjomba wao. Shemeji ananizidi wema. Mvua ilipobomoa nyumba yangu alikuwa wa kwanza kufika na jembe. Nampenda, sikufichi. Hilo ndilo linaloniumiza, kwa sababu kama huyu siye, basi yupo mwingine aliyeibuka pale mwambani akaona boti inakwenda. Alikuwa mkali, alimpiga dada yangu, na nikifikiri hivyo moyo unakuwa mgumu. Halafu nakumbuka alikuwa binadamu, na kwamba alituona tukiondoka.

Wewe unayeingia baharini na watu wako, sikia neno langu. Usiwajue kwa vitu walivyopokea, wala kwa migongo yao. Muite kila mtu kwa jina lake, aitike kwa kinywa chake, umtazame usoni, ndipo ung'oe nanga. Ukishaondoka umeondoka.

Mimi nimebaki na jambo moja. Kila Ramadhani ikikaribia kuisha nataka kumsomea Bakari hitima, nimuombee kama wanavyoombewa waliozama. Nanunua mchele, natafuta mbuzi, naandaa na majina ya masheikh wa kuwaita. Kisha Idd inafika, mlango unabishwa, na yeye mwenyewe anaingia na watoto, anatoa salamu, anakaa mkekani kungoja pilau. Sasa niambie wewe, hiyo hitima nitaisoma nikimtazama nani?