Ubatizo wa Mtoto wa Mchungaji

Nilipokuwa mtoto kule Makongeni, kwenye nyumba za reli, nilijua jambo moja kwa hakika: padri haoi, na akithubutu kuzaa, mtoto haishi. Madhabahu humdai. Sikulisoma hilo katika katekisimu. Nililipata kwa Susu, nyanya yangu mzaa baba, Mkamba wa Machakos na Mkatoliki kindakindaki.

Basi fikiria nilivyoduwaa Mchungaji wa Kimethodisti alipohamia mlango wa pili. Wachungaji hao huhamishwa kila baada ya miaka michache, watake wasitake. Alifika na vitanda juu ya lori, mke, binti wa rika langu aitwaye Kawira, na mtoto mchanga wa kiume. Jumatatu nikaiona kola yake nyeupe, sawa kabisa na ya padri wetu, imeanikwa kambani katikati ya nepi.

"Susu! Padri ana nepi!"

Susu akatoka, akatazama, akafanya ishara ya msalaba. "Kale katoto," akasema polepole, "sijui kama kataiona Krismasi."

Si kwamba mtaa wetu ulikosa madhehebu. Wenye vilemba walipita na ngoma zao, na waliookoka walizamishana mtoni watu wazima na ndevu zao. Hao hawakunisumbua. Wamethodisti ndio walionichanganya, maana walifanana nasi nusu. Walibatiza vichanga kama sisi, lakini divai yao ilikuwa sharubati ya zabibu, tena katika vigilasi vidogo kama vya kupimia dawa ya kikohozi. Kawira alinisimulia hayo bila haya. Susu alisema afadhali mtu apotee kabisa kuliko kuishia nusu ya njia.

Mchana mmoja, Mchungaji akiwa mbali, maana alichunga makanisa mengi peke yake, tukasikia mayowe ya Mama Kawira. Tulikuta mtoto amekakamaa mikononi mwake, macho yamegeuka. Degedege! Nikajua madhabahu imekuja kuchukua chake. Mama Kawira alimtupia Susu mtoto, akatoka mbio pekupeku kutafuta gari la kwenda hospitali.

Susu hakungoja. Kwetu Wakatoliki, mtoto akiwa anakufa, muumini yeyote aweza kumbatiza. Alichota maji kwa kikombe, akammwagia mtoto kichwani. "Yosefu, nakubatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu." Mtoto akalegea, akalia.

Hospitalini walisema ni malaria, wakamtibu, akarudi mzima. Lakini sasa Susu ndiye aliyekosa raha. Jumapili iliyofuata mtoto alikuwa abatizwe na baba yake kwa jina la Silas, na jamaa wangetoka Meru. Mtu habatizwi mara mbili. Akinyamaza, ameacha jambo takatifu lichezewe. Akisema, amekiri kwamba amembatiza mtoto wa watu bila ruhusa. Jumamosi jioni alinishika mkono tukaenda.

"Mchungaji, mtoto wako nilishambatiza. Anaitwa Yosefu."

Mama Kawira aliacha kukata vitunguu.

"Ulimwona anakufa?" Mchungaji akauliza.

"Ndiyo. Lakini si hilo tu." Susu hakujua kupaka maneno asali. "Wewe una mke. Ubatizo wako niliuogopa."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Mtu mzima, mwenye kola, anaambiwa hivyo sebuleni kwake! Mchungaji alimtazama mtoto.

"Ulitumia maji? Ukamtaja Baba, na Mwana, na Roho Mtakatifu?"

"Yote."

"Basi amebatizwa, mama. Sitarudia."

"Baba Kawira!" mkewe akang'aka. "Na hao wote wanaotoka Meru?"

"Waje, wale. Mbuzi si ameshanunuliwa?"

Kisha akamwomba Susu afike kanisani kesho yake. Susu hakuwahi kukanyaga kanisa lisilo letu. Siku hizo tuliona hiyo nayo ni dhambi. Alikwenda, nami nikaketi kando yake nikingoja paa lituangukie. Mchungaji alitangaza waziwazi kwamba mwanawe alibatizwa na jirani Mkatoliki, kwamba jina lake ni Yosefu, na kwamba ubatizo huo ni halali kama wowote mwingine. Minong'ono ikazuka. Baba mzazi wa Mchungaji, aliyetoka Meru, aliinuka akatoka nje. Mchungaji alimfuata kwa macho mpaka mlangoni, kisha akamwita Susu mbele ambebe mtoto wakati wa maombi.

Susu, ambaye sikuwahi kumwona akitoa chozi, alilia kwa sauti mbele ya Wamethodisti wote wale.

Mimi bado ni Mkatoliki, na nimesikia mahubiri mengi juu ya umoja wa Wakristo. Hayakuwahi kunishtua kama tendo lile la Mchungaji. Susu alimwambia mtu usoni kwamba ubatizo wake haufai, na mtu huyo akauheshimu wa Susu mbele ya ukoo wake mzima. Mchungaji alibatiza watoto wa watu kila alikohamishwa, lakini mwanawe huyo hakumbatiza kamwe, wala sikumsikia akilalamika. Nimejiuliza mara nyingi kama mimi ningeweza, na kila mara nimeona kwamba singeweza.