Ubao wa Siku Bila Ajali

Enzi zetu pale Panda, mtaa wa kampuni ya madini mjini Likasi, mtoto aliogopa kwa utaratibu. Kwanza aliogopa sindano, kisha mkanda wa baba, kisha Buluo, kwa kuwa mama zetu walituhakikishia kwamba gereza lile lina chumba cha watoto wasionawa mikono. Nilipofika chuo kikuu niliambiwa na mtu anayejua kwamba chumba hicho hakipo. Hata hivyo, mpaka leo sishiki bukari, ugali wa kwetu, kabla ya kunawa mara mbili. Lakini juu ya hofu zote hizo ilikaa moja ambayo watoto wa miji mingine hawakuijua. Tuliogopa sifuri.

Mliosoma shule za kampuni mnanielewa tayari. Kwenye lango la kiwanda palikuwa na ubao mkubwa ulioonyesha ni siku ngapi zimepita bila ajali. King'ora kilipolia saa ya zamu, hakuna aliyegeuza kichwa. Kilipolia nje ya saa, kila mama wa mtaa wetu alitoka akasimama mlangoni, unga umemganda vidoleni, akingoja kuona gari la kampuni litasimama kwa nani. Gari likishapita kwako, uliona haya kwa jinsi ulivyofurahi. Kesho yake baba zetu walikuta ubao umerudi sifuri. Kwetu, basi, sifuri haikuwa namba. Ilikuwa na mjane na watoto.

Direkta wetu wa shule aliupenda sana ubao ule, akaagiza wa kwetu. Alikuwa mtu mfupi, mwenye suruali iliyonyooshwa kwa pasi hadi ungeweza kukatia nyanya, na usafi ndio ulikuwa dini yake ya pili. Kila asubuhi, baada ya bendera na nyimbo za kumsifu mkuu wa nchi, tulinyoosha mikono akague kucha, tukageuza shingo aangalie masikio. Maji ya kunywa yalichemshwa na kuwekwa katika pipa lenye kifuniko, na kikombe chake kilifungwa kwa mnyororo kama mtu wa Buluo. Vyoo vilimwagiwa chokaa. Upepo ulipotuletea moshi wa asidi, tulifunga madirisha na kuziba pua kwa vitambaa vilivyoloweshwa, tukaendelea na hesabu huku tukikohoa kwa kupokezana kama kwaya. Siku hizi mwanangu akipiga chafya kwa vumbi la chaki, mwalimu ananitumia picha yake kwenye simu.

Mimi ndiye niliyepewa kazi ya kuandika namba ya siku kwenye ubao. Nilisema nilichaguliwa kwa mwandiko wangu mzuri. Ukweli ni kwamba nilikuwa mrefu kuliko wote na sikuhitaji kiti. Nilishika chaki ile kama askofu ashikavyo fimbo.

Mwaka niliokuwa na miaka kumi na mmoja, direkta alitoa ahadi. Tukifikisha siku mia za masomo bila ajali, kampuni itatoa lori litupeleke Mwadingusha, tuone bwawa na maji yanayowasha taa za nyumba zetu. Hakuna mtoto wa mtaa wetu aliyewahi kufika huko. Tuliacha kukimbia. Tuliacha kupanda miti. Wakati wa mapumziko tulitembea uwanjani taratibu, mikono nyuma, kama wazee waliostaafu.

Jumamosi iliyofuata siku ya tisini na tatu ilikuwa ya salongo, kazi ya lazima isiyohesabiwa siku ya masomo, tukisafisha kiwanja. Masengo, rafiki yangu niliyekaa naye dawati moja, alikuwa amevua raba zake akazificha chini ya sweta, ingawa kutembea peku kulikatazwa. Aliziweka zisichakae kabla ya safari. Nyuma ya vyoo alikanyaga ubao wa sanduku la kampuni, na msumari wenye kutu ukamwingia katika unyayo mpaka nusu. Hakulia. Alinitazama, akaung'oa mwenyewe.

Tulikuwa wasichana sita pale, na sote tuliifikiria namba. Nilisafisha jeraha kwa maji ya pipa nikalibana kwa kitambaa changu, kile cha moshi. Masengo akavaa raba zake.

"Hapana sema kwa muntu," akaniambia. "Hata kwa mama yangu."

Jumatatu niliandika tisini na nne. Jumanne, tisini na tano. Masengo alitembea kwa kisigino, nasi tukamzunguka ili walimu wasione. Jumatano raba haikuingia tena, akasema imesinyaa kwa kufuliwa. Alhamisi mwili wake ulikuwa wa moto, ungesikia joto lake kutoka upande wangu wa dawati. Ukutani, juu ya kichwa chake, ilibandikwa picha ya kampuni: msumari, mguu, na mtu aliyekakamaa kwa pepopunda, amekaza meno. Niliitazama siku nzima. Kila dakika chache nilimwambia Masengo afungue kinywa, naye akafungua, kwa hasira, nikaweza kupumua tena kidogo. Kisha nikamwomba afungue tena.

Ijumaa niliandika tisini na nane. Nane ilitoka kama viazi viwili. Masengo hakuja shule.

Niliporudi nyumbani nilimkuta baba amerudi kutoka zamu ya asubuhi. Baba yangu alikuwa fundi kiwandani, na mkono wake wa kushoto ulikosa kidole cha shahada. Tuliambiwa alijikata kwa shoka akipasua kuni. Nilimweleza yote, nikangoja mkanda. Badala yake aliunyoosha mkono wake wa kushoto mbele yangu.

"Hii kidole," akasema, "ilibaki ku mashini. Tulikuwa na siku mia mbili. Shefu akaniambia, sema ni shoka."

Alikwenda kwa kina Masengo mbiombio, nami nyuma yake, akambeba mgongoni mpaka hospitali. Mguu ulikuwa umevimba hadi gotini, na mstari mwekundu umeanza kupanda pajani. Muuguzi alitutazama kana kwamba sisi ndio msumari. Alisema tungengoja siku mbili zaidi, angekuwa anaongea na padri, si na sisi. Alimchoma sindano, na daktari akaukata mguu kuondoa usaha. Masengo alipoteza vidole viwili na majuma matano ya masomo. Sindano ile tuliyozoea kuikimbia, siku hiyo niliiombea ifike haraka.

Jumatatu asubuhi nilisimama mbele ya ubao na chaki yangu. Baba alikuwa ameniambia niandike ile namba yenyewe, sifuri. Direkta alikuja akasimama nyuma yangu. Hakunifokea. Alisema kwa sauti ya chini kwamba amezungumza na wazazi wa Masengo, na wamekubaliana kuwa mtoto aliumia nyumbani. Nyuma yake watoto wote wa shule walikuwa wamejipanga, kucha safi, masikio safi, wakinitazama.

Niliandika tisini na tisa.

Tulikwenda Mwadingusha mwezi wa sita, chini ya anga jeupe la kiangazi, msimu ambao kwetu halidondoki tone la mvua, vumbi la njia likituingia hadi kwenye meno. Maji niliyaona. Yalikuwa mazuri kiasi kwamba nilikasirika. Jioni nilipitia kwa Masengo, aliyekuwa ameketi kwenye mkeka, mguu juu ya mto, akauliza kulikuwa namna gani. Nikamwambia mvua ilinyesha tangu asubuhi, ukungu ukafunika kila kitu, hatukuona lolote. Akaitikia kwa kichwa, akaniambia pole.

Leo nimo katika kamati ya wazazi ya shule ya mwanangu, mahali panapofaa kwa mtu mwenye historia kama yangu. Shule yao ina visanduku vya dawa, na watoto wamevaa viatu vinavyowaka taa. Juzi tulionyeshwa daftari la majeraha la mwaka mzima. Lilikuwa tupu, safi, na wazazi wakapiga makofi. Mimi nilishikwa na baridi. Niliomba watoto wavue soksi, wakadhani nimerukwa na akili.

Nilimsimulia Masengo kisa hicho, pale anapouza mikate ya mafuta, karibu na nyumba zetu za zamani. Alicheka hadi akajifuta macho. Kisha akaniuliza, kama anavyoniuliza kila mwaka, Mwadingusha kulikuwa namna gani. Nami, mwenye shahada mbili na mvi za kutosha, nikajibu vilevile kwamba ilinyesha.

Akageuza mkate kwenye mafuta, bila kunitazama.

"Mvua ya mwezi wa sita," akasema. "Shi weye mwenyewe ni mutoto wa Likasi?"