Jina Lililotobolewa Katikati

Kila mgeni anayeteremka hapa Uqshuqtuuq, kijiji chetu cha barafuni kaskazini, ananing'ang'ania: tuandikie habari za Arnaluk. Mimi nisiyeona darasa, niliyefundishwa herufi zetu, kila moja silabi nzima, na shangazi kwa kidole kwenye theluji! Haya, naandika. Ila asinisahihishe mtu.

Arnaluk, jirani yangu, alishona makoti ya manyoya, na mdomo wake ulikata kuliko kisu chake cha ngozi. Mama yake, Uqshuralik, alipofariki, mjukuu wa Arnaluk aliyezaliwa baada ya mazishi akapewa jina lile. Kwetu jina haliji peke yake. Mwenyewe aliyekufa hurudi nalo. Basi bibi akamwita mtoto "Mama", mtoto akamwita bibi "Binti yangu", na kichwa cha samaki, kilichonona, kikawa cha mtoto.

Ikafika shule. Mwalimu Niviuvak, mtoto wa hapahapa, akachapa majina ya kubandika juu ya ndoano za makoti. Arnaluk akaingia na theluji yake miguuni, akagota kidole kwenye jina la mjukuu, lenye kisanduku kitupu katikati.

"We Niviuvak, mama yangu katobolewa na nani?"

"Hicho ni kisanduku, shangazi. Kompyuta haina herufi yetu ya 'sha', ya 'shi', wala ya 'shu'. Waliochagua herufi huko mbali hawakuzijua."

"Walimuuliza nani?"

"Si mimi."

"Mama nimeshamtia sandukuni mara moja, inatosha. Andika kwa kalamu!"

"Ya kalamu wakubwa hawaioni kwenye mashine zao. Tumwandike Beti, la ubatizo. Beti hana shida."

"Hana shida kwa sababu Beti hajawahi kuwa mtu!"

Akarudi nyumbani, akaitunga ile herufi ya 'shu' kwa shanga nyekundu mgongoni mwa koti la mtoto. Kila jioni akasimama mlangoni kuliita jina kwa sauti ya kuamsha mbwa, ili midomo ya kijiji isilisahau. Watoto nao wakashika lao: "Kisanduku! Kisanduku unaitwa!"

Barafu ilipoanza kupasuka, mtoto akaingia ndani, hakugusa samaki. Akasimama mbele ya bibi yake.

"Binti yangu."

"Naam, Mama."

"Lile jina usiniite tena. Niite Beti."

Arnaluk hakuwahi kunyamazishwa na padri, polisi wala mume. Angekuwa mtoto mwingine angemporomoshea maneno mpaka alie. Lakini mwenye jina la mzazi wako hakemewi. Akisema, mzazi kasema. Na nani alimfundisha mtoto hivyo, kama si yeye mwenyewe?

"Sawa, Mama."

Akalivuta koti, akafumua shanga, moja baada ya nyingine, mtoto akitazama. "Beti" hakulitamka hata siku moja. Lakini lile lingine pia halikumtoka tena. Alimwita Mama tu, hadi tulipomzika Arnaluk mwenyewe.

Mwaka juzi wakatuambia herufi zetu zimeingia kwenye mashine. Niviuvak alikuja mbio kumwonyesha Beti jina zima, halina tobo. Beti akatazama, akasema, "Zuri. Ni la nani?"

Arnaluk alikatazwa na mama yake. Mimi sikukatazwa na mtu, na wewe unayesoma hukukatazwa. Usiiweke chini karatasi hii. Litaje kwa sauti, hata kama uko peke yako: Uqshuralik. Tena. Na hiyo "shu" niisikie huku.